Kambi ya Jeshi Isiyoharibu Mazingira: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Wakuu wa Vikosi

Kambi ya jeshi yenye watu 800 hupika, hufua, hutengeneza magari, huvuta maji visimani, humwaga majitaka na kufyatua risasi, yaani hufanya karibu yote yanayofanywa na mji mdogo pamoja na mengine ambayo hakuna mji unaoyafanya. Tofauti kubwa ni kwamba mji una madiwani, wafanyabiashara na wenye nyumba wanaovutana, ilhali kambi ina mkuu mmoja ambaye amri yake, ikishasomwa kwenye gwaride la asubuhi, huanza kutekelezwa siku hiyohiyo. Mwongozo huu unaitegemea nafasi hiyo. Unawalenga wakuu wa vikosi, maafisa utawala, wahandisi, wasimamizi wa stoo na wapishi wakuu, hasa katika kambi za Jeshi la Wananchi na Jeshi la Kujenga Taifa nchini Tanzania, ingawa sehemu kubwa yake itamfaa pia aliyeko Gilgil au Nanyuki nchini Kenya, au aliye na kikosi cha kulinda amani nje ya nchi.

Niseme mapema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wote. Upandaji miti, ambao ndio shughuli ya mazingira inayojulikana zaidi katika majeshi yetu, nimeuweka karibu na mwisho. Hauna ubaya wowote, na Jeshi la Kenya limekuwa na mpango wake wa askari wa mazingira tangu 2003, lakini kambi inayopanda miche elfu moja siku ya maadhimisho huku ikipokea lori la kuni kila wiki inarudisha kwa mkono mmoja kidogo sana cha kile inachokichukua kwa mkono mwingine. Kazi ianzie pale kambi inapotumia zaidi na kuchafua zaidi, na mahali hapo hapajulikani kwa kukisia.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kununua chochote

Teua mtu mmoja, koplo au sajenti mwenye mwandiko unaosomeka na asiyebadilishwa kazi kila wiki, umkabidhi daftari na mwezi mzima. Katika daftari hilo aandike kila siku usomaji wa mita ya umeme, usomaji wa mita ya maji, lita za dizeli zilizoingia kwenye jenereta na zilizoingia kwenye magari kila moja kwa safu yake, kilo za kuni, mkaa au gesi iliyotumika jikoni, idadi ya watu waliokula, oili chafu iliyotolewa karakana, na mapipa ya taka yaliyotoka. Kuni zipimwe kwa mizani, kwa kuwa kipimo cha lori hudanganya: lori la kuni mbichi na lori la kuni kavu yanafanana kwa macho, lakini moto wake haufanani hata kidogo.

Kwa maji, kipo kipimo rahisi ambacho kambi nyingi hazijawahi kukifanya. Mtu wa zamu asome mita kuu saa tano usiku, baada ya taa kuzimwa, kisha aisome tena saa kumi alfajiri kabla ya watu kuamka, huku matanki ya juu yakiwa yamejaa na valvu zake za kuingizia zimefungwa. Maji yaliyopita katika saa hizo tano, ukiondoa machache ya walioko lindoni, ni maji yanayovuja ardhini au kwenye vyoo. Ikiwa mita imesogea kwa lita 2,000, kambi inapoteza lita 400 kwa saa, sawa na lita 9,600 kwa siku, na hakuna kampeni ya kuwaambia askari waoge kwa ndoo moja itakayofidia upotevu huo. Fundi bomba ndiye anayehitajika, na anahitajika kabla ya kuchimba kisima kipya.

Hesabu ya mafuta nayo isichukuliwe kuwa kazi ya karani tu. Katika bohari ya mafuta ya Red Hill, iliyo chini ya Jeshi la Wanamaji la Marekani huko Hawaii, mafuta yalimwagika Mei 2021 kutokana na kosa la waendeshaji, na karibu galoni 20,000 zikaingia kwenye bomba la kutolea maji ya mfumo wa kuzima moto, zikakaa humo kwa miezi sita. Tarehe 20 Novemba mwaka huohuo bomba hilo liligongwa, mafuta yakamwagika na kufika kwenye kisima cha mtandao wa maji uliokuwa ukihudumia watu wapatao 93,000, na Machi 2022 wizara ya ulinzi ya nchi hiyo ikaamua kuifunga bohari nzima, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Upungufu unaoonekana kwenye daftari la mafuta ni swali linalodai jibu siku hiyohiyo: ama mafuta yameibwa, ama yamemwagika, na yote mawili ni kazi ya mkuu wa kikosi.

Wapo watakaosema kwamba takwimu hizi ni siri. Kwa kiasi fulani ni kweli, maana idadi ya walao chakula hufichua ukubwa wa kikosi. Suluhisho ni kulitunza daftari ndani ya kambi kwa daraja la usiri linalostahili, na kutoa nje yale tu yanayohitajika, kama vile sampuli ya maji kutoka kisima cha uchunguzi kilichochimbwa kando ya uzio, ambayo mtaalamu wa maabara anaweza kuipima bila kuingia getini.

Hatua ya pili: jiko

Ukimaliza mwezi wa vipimo, yamkini utagundua kwamba jiko ndilo linalokula msitu. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa 2024 hadi 2034, umelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu wengi kwa pamoja, zikiwemo shule, magereza na kambi, ndizo zilizotakiwa kutangulia. Agizo lipo. Kinachosumbua ni namna ya kulitekeleza bila askari kulala njaa.

Usianze na vifaa. Anza na ratiba ya chakula. Maharage na kande zinazolowekwa tangu jioni huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko zile zilizotupwa sufuriani kavu asubuhi, na hili halihitaji fedha yoyote isipokuwa pipa safi lenye mfuniko na mpishi wa zamu wa kukumbushwa. Funika sufuria. Panga upishi ili maji ya chai yachemshwe na moto uleule uliomaliza kuivisha uji. Kuni zilizobaki zikaushwe chini ya paa kwa miezi kadhaa kabla ya kutumika, kwa kuwa kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuyakausha maji yaliyomo ndani yake, na mpishi ndiye anayelipa tofauti kwa macho na mapafu.

Baada ya hapo chagua nishati kwa kuangalia chakula chenyewe. Gesi ya mitungi inafaa kwa wali, mboga, chai na kukaanga. Ugali wa watu mia mbili una madai yake: unahitaji moto mkali usiokatika na sufuria isiyosogea, kwa sababu wasongaji wawili wenye miiko mirefu huisukuma sufuria kwa nguvu zao zote. Jiko la gesi lililonunuliwa bila kiti cha chuma kinachoishika sufuria litaachwa pembeni ndani ya mwezi mmoja na wapishi watarudi kwenye mafiga, si kwa ukaidi, bali kwa kuogopa kuungua. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa ununuzi, mwite mpishi mkuu, mwambie asonge ugali kwenye jiko la maonyesho mbele ya kamati. Mitungi ikae nje ya jengo, juu ya sakafu iliyoinuka na mbali na mitaro, kwani gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini na kujikusanya mashimoni.

Kwa kambi zenye umeme wa gridi wa uhakika, masufuria makubwa ya umeme yenye presha ni chaguo linalozidi kuwa na mantiki, hasa baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, kuingia kwenye gridi. Makaa yaliyotengenezwa kwa makaa ya mawe, yanayouzwa sana siku hizi kwa taasisi, yanaiokoa miti na kwa hilo yanastahili sifa, lakini ni makaa ya mawe bado: yana moshi na yana kaboni, hivyo yahesabiwe kuwa daraja la kuvukia.

Biogesi inahitaji hesabu ya kweli. Magereza ya Rwanda yalianza kujengewa mitambo ya biogesi inayotumia kinyesi cha wafungwa mwaka 2001, kazi iliyoipatia Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Kigali tuzo ya kimataifa ya Ashden mwaka 2005, na matumizi ya kuni katika magereza hayo yalipungua kwa karibu nusu. Nusu, si yote. Kambi ya JKT yenye ng'ombe 40 wanaolala zizini, ikikusanya kilo 10 kwa kila mmoja, itapata kilo 400 za samadi kwa siku. Kwa makadirio ya kawaida ya kilo 25 kwa mita moja ya ujazo ya gesi, hizo ni mita 16 za ujazo, zinazochukua nafasi ya takribani kilo 80 za kuni. Kiasi hicho kitatosha chai na bwalo la maafisa. Hakitasonga ugali wa watu 800. Mtambo ujengwe kwa matarajio hayo, na uunganishwe na vyoo vya mabweni ili utatue matatizo mawili kwa pamoja.

Hatua ya tatu: jenereta na umeme wa jua

Ripoti ya 2009 ya taasisi ya sera za mazingira ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani ilikadiria kwamba nchini Afghanistan, mwaka wa fedha 2007, kila misafara 24 ya mafuta ilileta karibu majeruhi au kifo kimoja. Kwa mwanajeshi, takwimu hiyo ina uzito kuliko hotuba yoyote kuhusu tabianchi: lita ya dizeli isiyohitajika ni lita ambayo hakuna aliyelazimika kuisindikiza barabarani. Vikosi vyetu vilivyotumwa mashariki mwa Kongo au Somalia vinaijua vyema hali ya barabara za huko.

Kosa linaloonekana mara nyingi kambini ni jenereta kubwa kuliko mzigo. Jenereta la kVA 100 hutoa takribani kilowati 80, lakini usiku, wakati zimebaki taa za uzio, friji za zahanati na redio, mzigo unaweza kushuka hadi kilowati 15, chini ya asilimia 20 ya uwezo wake. Injini ya dizeli ikiendeshwa muda mrefu chini ya theluthi moja ya uwezo haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi na oili hujaa kwenye ekzosi, na mashine huchakaa kabla ya wakati wake. Dawa ni kuwa na jenereta la pili la kVA 25 kwa ajili ya usiku, au kuuhamishia mzigo wa usiku kwenye betri zinazochajiwa mchana na paneli za jua.

Ukipata fedha za paneli, pampu ya kisima iwe ya kwanza. Pampu ya jua haihitaji betri, kwa kuwa maji yaliyopandishwa mchana yanabaki kwenye tanki la juu hadi usiku, na betri ndiyo sehemu ya mfumo wa jua inayokufa mapema na kugharimu zaidi. Taa za LED na mabati yaliyopakwa rangi nyeupe juu ya ofisi zenye viyoyozi ni mambo yanayojulikana, yafanywe tu. Ila kila mfumo wa jua uwe na mtu aliyepangiwa kuifuta vumbi. Paneli za Dodoma katika mwezi wa Septemba, bila kufutwa, hugeuka kuwa sakafu ya udongo mwekundu.

Hatua ya nne: maji na majitaka

Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Bwalo lenye paa la mita za mraba 600, mahali panapopata milimita 550 kwa mwaka, hupokea lita 330,000. Ukitoa moja ya tano kwa ajili ya maji yanayorukia nje na yanayosafishia paa, zinabaki lita 264,000. Ukizigawa kwa siku 210 za kiangazi unapata kama lita 1,250 kwa siku, kiasi cha kutosheleza usafi wa jikoni na bustani ndogo, si kuwaogesha watu 800. Napendelea hesabu hii ifanywe waziwazi kabla ya ujenzi, kwa sababu mradi wa maji ya mvua ulioahidi makubwa huonekana umeshindwa hata pale ulipofanya kazi yake sawasawa.

Kambi zinazotegemea visima zijue maji yao yanatoka wapi. Bonde la Makutupora, linaloipatia Dodoma sehemu kubwa ya maji yake, lina kumbukumbu za kina cha maji ya ardhini tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo zimeonyesha kwamba maji hujazwa upya hasa katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, na kwamba katika miaka ya kawaida hushuka. Maana yake ni kwamba kisima kinachoonekana hakina mwisho kinaishi kwa akiba. Mabonde ya asili yanayopokea mafuriko ndani ya eneo la kambi yasijazwe kifusi wala kugeuzwa viwanja vya kuegesha magari.

Majitaka ndiyo sehemu ninayomwomba msomaji asiipite haraka. Oktoba 2010 kipindupindu kililipuka Haiti, nchi ambayo haikuwa na ugonjwa huo kwa karibu karne moja. Uchunguzi uliufuatilia hadi kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal karibu na Mirebalais, ambako mabomba ya vyoo yalikuwa na kasoro na kinyesi kilimwagwa kwenye shimo la wazi, kikafika kijito cha Meille na hatimaye mto Artibonite, ambao watu walikuwa wakiunywa. Zaidi ya watu 800,000 waliugua na karibu 10,000 wakafa. Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi Desemba 2016, miaka sita baadaye. Hakuna risasi iliyofyatuliwa katika mkasa huo; palikuwa na mabomba mabovu na shimo la wazi.

Kwa hiyo, fuata mpangilio huu. Chora ramani ya kila choo, kila shimo na kila kisima, pamoja na mshale unaoonyesha mteremko wa ardhi. Shimo la kunyonyea majitaka lisiwe chini ya mita 30 kutoka kisimani na lisikae upande wa juu wa mteremko, wakati shughuli za kudumu zikae nje ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, kama inavyotaka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Jikoni pawekwe chemba ya kunasa mafuta kabla ya maji machafu kuingia bombani, isafishwe kila wiki, la sivyo mabomba yote yataziba kwa mafuta yaliyoganda. Penye nafasi, na kambi nyingi zina nafasi, majitaka kutoka kwenye matanki yapitishwe kwenye vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete, teknolojia ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanyia utafiti kwa miaka mingi na ambayo haihitaji umeme wala kemikali. Askari wazuiwe kumwaga dawa kali za kuulia vijidudu vyooni, kwani bakteria wanaoozesha uchafu ndani ya matanki hufa kwanza. Na gari la kunyonya majitaka likija, atoke mtu wa kambi alifuate hadi linapomwaga. Pengine hii ndiyo amri ya bei rahisi kuliko zote katika mwongozo huu.

Hatua ya tano: karakana na bohari ya mafuta

Sakafu ya karakana iwe ya zege lenye ukingo, na maji yanayoioshea yaelekee kwenye chemba ya vyumba vitatu inayotenganisha oili na maji, oili ikielea juu na tope likituama chini. Oili chafu iingie kwenye mapipa yenye vifuniko, yenye lebo, yaliyowekwa juu ya beseni la zege linaloweza kubeba pipa zima likipasuka, na itolewe kwa mnunuzi mwenye kibali tu. Desturi ya kuimwaga barabarani ili kutuliza vumbi au kuipaka kwenye nguzo za uzio dhidi ya mchwa ikome, kwa kuwa mvua ya kwanza huipeleka mtoni. Betri chakavu zikae wima chini ya paa zikiwa na tindikali yake ndani. Anayeimwaga ili chuma kiwe chepesi kwenye mizani ya mnunuzi ameichafua ardhi ya kambi kwa faida ya mtu mwingine.

Povu la kuzimia moto wa mafuta linahitaji neno la pekee. Aina za zamani zina kemikali zenye florini za kundi la PFAS, ambazo hazivunjiki kirahisi ardhini wala majini, na mamia ya kambi za Marekani sasa zinachunguzwa kwa sababu ya povu lililomwagwa wakati wa mazoezi, hadi sheria iliyopitishwa huko Desemba 2019 ikaagiza jeshi liachane nalo. Mazoezi ya zimamoto yafanywe kwa maji au kwa povu la mazoezi lisilo na florini, na lile la zamani lihesabiwe, lifungwe na kusubiri utaratibu wa kuliharibu.

Hatua ya sita: uwanja wa shabaha na eneo la mazoezi

Ukichota koleo la udongo kutoka kwenye tuta la nyuma ya shabaha lililotumika miaka 20, utakuta vipande vya risasi vilivyobonyea, vingine vimeota unga mweupe. Unga huo ni madini ya risasi yakianza kuyeyuka, na hasa katika udongo wenye asidi ndipo yanapotembea hadi kwenye maji. Kwa hiyo pima pH ya udongo, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, mara moja kwa mwaka, na ikishuka chini ya 6.5 ongeza chokaa ya kilimo hadi irudi kati ya 6.5 na 8.5. Panda nyasi kwenye tuta, chimba mtaro juu yake ili maji ya mvua yalikwepe, na chini yake weka bwawa dogo la kutuamisha tope. Baada ya miaka kadhaa udongo uchekechwe, risasi zikusanywe na kuuzwa kama chuma chakavu kwa utaratibu rasmi pamoja na maganda. Wanaofanya kazi hiyo wavae barakoa, wanawe kabla ya kula, na sare zao zisifuliwe pamoja na nguo za watoto nyumbani. Mchicha usilimwe kwenye bonde linalopokea maji ya uwanja huo, hata kama unastawi.

Moto nao una kumbukumbu ya karibu. Machi 2021, wakati wa mazoezi ya wanajeshi wa Uingereza katika eneo la Lolldaiga, Laikipia, moto uliteketeza zaidi ya ekari 10,000 za uoto, na madai ya wakazi yakaendelea mahakamani kwa miaka. Katika kiangazi, risasi za mwanga na fataki za ishara zisitumike siku ya upepo mkali. Barabara za kuzuia moto zisafishwe Juni, kabla nyasi hazijakauka kabisa. Na kikosi cha mwisho kuondoka kiache watu wenye matawi na mabegi ya maji hadi asubuhi, kwani moto wa nyasi huamka tena usiku ndani ya visiki. Uteketezaji wa risasi na mabomu yaliyopitwa na wakati sitaugusa. Ni kazi ya wataalamu wa milipuko peke yao, na wakazi wa Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 walionyeshwa gharama ya maghala yaliyolipuka.

Miti, na taka

Sasa miti ipandwe, na ipandwe kwa hesabu ya iliyo hai. Mkuu asiulize imepandwa mingapi bali mingapi iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, na kila bweni lipewe eneo lake la kutunza. Mikaratusi iwekwe mbali na visima na vijito. Mwarobaini na mvule zinafaa kuzunguka majengo pale hali ya hewa inaporuhusu. Kambi za pwani zenye mikoko ziilinde iliyopo kabla ya kufikiria kupanda mipya. Taka zitenganishwe jikoni kwenyewe: mabaki ya chakula kwa nguruwe au mboji, chupa na makopo kwa mnunuzi, na shimo la kuchomea plastiki lifungwe kabisa.

Hatua ya mwisho: iingie kwenye amri za kudumu

Miradi mingi ya namna hii hufa siku mkuu wa kikosi anapohamishwa. Mrithi wake anakuta paneli zenye vumbi, mtambo wa biogesi uliokauka na hakuna anayejua valvu ipi inafungua nini. Kwa sababu hiyo, yote yaliyotajwa hapa yaandikwe katika amri za kudumu za kambi kwa cheo cha mhusika, si kwa jina lake, na ukaguzi wa robo mwaka unaoangalia silaha na mabweni uangalie pia chemba ya oili, mtego wa mafuta ya jikoni na daftari la vipimo. Hati ya makabidhiano iwe na ramani ya mabomba na mashimo, tarehe ya mwisho ya kunyonya majitaka, matokeo ya mwisho ya maabara kwa kila kisima, asidi ya udongo wa uwanja wa shabaha, mikataba ya wanunuzi wa oili na betri pamoja na tarehe zinapoisha, na tofauti yoyote ya hesabu ya mafuta ambayo bado haijapata maelezo. Anayepokea kambi azunguke na anayekabidhi kwa miguu, wafungue vifuniko vya chemba mojamoja, ndipo atie saini.